Mzungu wa Kazi: Maneno ya Kumkumbuka Alexander Mackay, Mwalimu wa Ufundi

Yaliyosemwa mbele ya Wakristo wa mitaa na walimu, katika jubilei ya Dayosisi, Kondoa



Katika sikukuu ya namna hii desturi yetu ni kuwataja waliotangulia. Huzisikia habari za maaskofu, na za makasisi, na za wainjilisti waliokwenda kwa miguu toka kijiji hata kijiji. Ni vema, nao wastahili heshima hiyo. Walakini liko kundi moja ambalo hutajwa mwisho, au halitajwi kabisa, nalo ni kundi la walimu wa kazi za mikono: yeye aliyewafundisha vijana kupima ubao, na kufua chuma, na kuchoma matofali, na kushona nguo, na kupanga herufi za chapa. Leo tumepewa nafasi ya kusema habari za mmoja wao. Tumemchagua Alexander Mackay, ambaye watu wa Buganda walimwita Mzungu wa Kazi.

Huenda mtu akauliza, Mbona mmewaacha watu wa Kondoa, mkamchukua mtu wa Uganda? Jibu letu ni hili. Kazi kubwa ya kwanza aliyoifanya Mackay katika Afrika haikuwa Uganda. Ilikuwa njia, tangu Saadani pwani hata Mpwapwa, katika nchi yetu hii ya kati. Na Mpwapwa ndipo wamisionari wa C.M.S. walipoweka kituo chao. Kazi ile ikakua, hata mwaka 1927 ikawa Dayosisi ya Central Tanganyika, chini ya Askofu George Chambers. Na katika dayosisi ile ndimo ilimozaliwa dayosisi yetu ya Kondoa. Basi tukimtaja Mackay hatumtaji mgeni. Twamtaja fundi aliyekata njia kuelekea mlango wa nyumba yetu.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849, katika kijiji cha Rhynie, nchi ya Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji, naye akamfundisha mtoto nyumbani hata alipopata umri wa miaka 14. Baadaye Mackay akaenda Edinburgh, akaingia kwanza chuo cha walimu, kisha akajifunza elimu ya mitambo. Liangalieni sana jambo hili, ninyi walimu. Alijifunza ualimu, tena alijifunza ufundi, wala hakuona ya kuwa kimoja kinakishusha kingine. Mwaka 1873 akaenda Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, akapata kazi nzuri ya kuchora mitambo katika kiwanda. Angaliweza kukaa huko, akaishi kwa raha, akafa mzee.

Lakini mwezi wa Novemba 1875 gazeti moja la London lilitoa barua ya Henry Stanley, iliyotoka kwa Mfalme Mutesa wa Buganda. Habari yake ilikuwa kwamba mfalme ataka walimu wa dini, walakini asiye na kitu ila kuhubiri tu hatafaa. Yatakiwa watu watakaowafundisha wenyeji kujenga, na kulima, na kuponya wagonjwa, na kazi nyingine zote za manufaa. Wengine waliisoma barua ile wakaona kama ni shida. Mackay aliisoma akaona kwamba ameitwa kwa jina lake. Akajitoa kwa C.M.S., akakubaliwa.

Wakasafiri watu wanane, mwezi wa Aprili 1876. Kabla hawajaondoka, Mackay alisimama mbele ya wakubwa wa chama, akawaambia ya kuwa wasishangae wakisikia upesi kwamba mmoja wao amekufa. Ila wasivunjike moyo, bali wamtume mtu mwingine mara moja kushika mahali pake. Maneno hayo hayakukawia kutimia. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule James Robertson alikufa Unguja. Mwezi wa Mei 1877 Daktari John Smith alikufa kusini ya Ziwa Victoria. Mwezi wa Desemba 1877 Shergold Smith na O'Neill wakauawa katika kisiwa cha Ukerewe. Na Mackay mwenyewe alishikwa na homa kali njiani, akarudishwa pwani.

Je, alipokuwa pwani alifanya nini? Hakukaa akingoja. Mwaka 1877 alishika kazi ya kukata njia ya magari ya ng'ombe toka Saadani hata Mpwapwa, mwendo wa maili 230, yaani kama kilometa 370. Waliojua pori la pwani na mabonde ya Usagara wataelewa maana ya kazi hiyo: miiba, na miti mikubwa, na makorongo, na mito isiyo na daraja. Alikwenda na watu wake wakiwa na mashoka, na misumeno, na sururu, na majembe, wakakata na kuchimba na kusawazisha. Yeye naye alishika shoka pamoja nao. Tusifiche kwamba magari yenyewe hayakufanikiwa kama alivyotumaini, maana ng'ombe wengi walikufa kwa kuumwa na mbung'o. Lakini mwaka uliofuata, 1878, Daktari Baxter na Bwana Last wakakaa Mpwapwa, na kituo kikasimama.

Mwezi wa Juni 1878 Mackay akafika Kagei, kusini ya Ziwa. Huko akaikuta mali ya wenzake waliokufa imerundikwa ovyo: vipande vya mtambo vimepata kutu, vitabu vimeharibika, na mashua yao, iliyoitwa Daisy, imetoboka haifai kusafiria. Mtu mwingine angalikaa chini akalia. Yeye alivitenga vitu, akasugua kutu, akatengeneza vilivyoweza kutengenezwa, akaziba mashua. Kisha akavuka, na mwezi wa Novemba 1878 akafika katika mji wa Mutesa.

Hapo ndipo ualimu wake ulipoanza kuonekana. Alijenga karakana, akaweka fuawe na mivuo, na mashine ya kukerezea, na jiwe la kunolea linalozungushwa. Watu wakaja makundi makundi kutazama. Vijana walikaa karibu naye penye kazi, wengine wakishika koleo, wengine wakijifunza kusoma. Kwanza alisoma nao kwa Kiswahili, akitumia vitabu ambavyo Askofu Steere wa Unguja alikuwa amekwisha kuvifasiri na kuvipiga chapa. Baadaye alipoijua lugha yao akawaandikia kwa Kiganda. Na kwa kuwa herufi za chapa hazikumtosha, akakata herufi za miti kwa mkono wake, akapiga chapa karatasi za kujifunzia. Fikirini, ninyi walimu mnaonung'unika kwamba vitabu havijaja: mwalimu huyu hakuwa na kitabu, wala herufi za kutosha za kukifanya, naye akaanza kwa kisu na kipande cha ubao.

Twataka kutaja habari ya kisima, maana ndani yake mna fundisho. Mackay alichimba kisima, akatia bomba. Watu walipoona maji yanapanda juu yenyewe, walistaajabu mno, na wengine wakasema kwamba mtu huyu ni mzimu mkubwa. Ingalikuwa rahisi kwake kunyamaza, maana mtu anayeogopwa huheshimiwa, na anayeheshimiwa hupata chakula. Lakini alikataa sifa hiyo. Akawaeleza jinsi bomba linavyovuta maji, ya kuwa ni kazi ya akili na mikono tu, na ya kuwa wao nao waweza kuifanya wakijifunza. Ndugu zetu, hii ndiyo tofauti ya mganga na mwalimu. Mganga huificha siri yake ili watu wamrudie daima. Mwalimu huifunua, hata watu wasimhitaji tena.

Ufundi wake ulimpa kibali, tena ulimpa taabu. Mwaka 1882 mama wa mfalme alipofariki, Mutesa alimwomba Mackay atengeneze majeneza yafaayo heshima ya kifalme. Akafanya matatu, moja ndani ya jingine, na la katikati lilikuwa la shaba. Alifanya kazi siku nyingi, mchana na usiku, pamoja na mafundi wa mfalme. Wakuu wakamsifu. Lakini mfalme alipenda kazi ya mikono yake kuliko maneno yake, na bunduki alizitamani kuliko vyote viwili. Mackay aliyajua hayo, akahuzunika, wala hakuacha kufundisha.

Hatutaki kumfanya mtu asiye na ila. Mapadre wa Kifaransa walipofika mwaka 1879, Mackay na Padre Lourdel walishindana mbele ya mfalme kwa maneno makali, na mfalme na watu wake wakatazama wageni wawili, kila mmoja akimwita mwenzake mwongo. Na Waarabu wa barazani pia alishindana nao mara nyingi. Sisi wa Kondoa, tunaokaa mlango kwa mlango na ndugu zetu Waislamu na Wakatoliki, tukiazima maji na kuzikana, hatuna haja ya kuliiga jambo hilo. Tumwige katika kazi yake.

Mutesa alikufa mwezi wa Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akatawala. Mwisho wa Januari 1885 vijana watatu wa misioni, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, walikamatwa, wakachomwa moto. Mackay aliwaombea maisha yao, asisikilizwe. Mwezi wa Oktoba mwaka ule Askofu Hannington aliuawa alipokuwa akija Buganda. Na tarehe 3 Juni 1886 mashahidi wengi, Wakatoliki na Waprotestanti, waliteketezwa pamoja pale Namugongo.

Wakati huo mwalimu angefanya nini? Mwanga alimwacha hai kwa kuwa mikono yake ilikuwa na faida. Lakini wanafunzi wake walikuwa wakifa. Basi tazameni mambo mawili aliyoyafanya. La kwanza, yeye na wenziwe waliwachagua wazee wa Kiganda mwaka 1885, wawe baraza la Kanisa, ili kazi isimame hata wazungu wakifukuzwa. La pili, hatari ilipokuwa kubwa na Wakristo wamejificha, aliwapigia chapa barua ya kuwatia nguvu, ikapita kwa siri toka mkono hata mkono. Ile chapa iliyoanza na herufi za miti sasa ikawa sauti ya mchungaji mahali asipoweza kufika.

Mwezi wa Julai 1887 akafukuzwa Buganda. Hakwenda kwao. Alishuka kusini ya Ziwa, akakaa Usambiro, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Akaanza tena kama mtu asiyewahi kushindwa: akafanya matofali, akapasua mbao, akajenga, akaanza kuunda mashua, akafasiri Injili ya Yohana kwa Kiganda, na Wakristo waliokimbia wakakaa naye. Stanley alipopita huko mwezi wa Agosti 1889 alikuta karakana imejaa vyombo, na kazi inaendelea. Akamshauri kurudi Ulaya apumzike. Mackay hakukubali, maana hapakuwa na mtu wa kushika mahali pake. Mwezi wa Februari 1890 homa ilimshika, na tarehe 8 akafariki, umri wake miaka 40. Miaka 14 alikaa Afrika, asirudi kwao hata mara moja. Alizikwa pale pale Usambiro, na mwaka 1927 mifupa yake ikachukuliwa, ikazikwa Namirembe.

Sasa tuulize, Aliacha nini? Karakana zake zilibomoka. Mashua alizoziunda na kuziziba zilioza. Njia ya Mpwapwa ilifunikwa na majani. Fundi akihesabiwa kwa vitu alivyovifanya, Mackay hakuacha kitu. Lakini mwalimu hahesabiwi hivyo. Aliacha watu. Kijana mmoja aliyebatizwa kati ya watano wa kwanza, mwezi wa Machi 1882, alijichagulia jina la Mackay, akaitwa Sembera Mackay, akawa mwalimu wa wenzake. Henry Wright Duta, mmoja wa wasomaji wa siku zile za kwanza, alishirikiana na George Pilkington, na mwaka 1896 Biblia nzima ya Kiganda ikawa tayari. Mwalimu alipofukuzwa, darasa halikufungwa. Hii ndiyo sifa yake kubwa kuliko majeneza ya shaba.

Ndugu zetu, hatukuja hapa kumsifu marehemu tu, kisha twende kula wali. Liko neno linalotuhusu, tena ni zito.

Katika mitaa yetu, mtoto akifaulu mtihani twamshangilia kanisani, twamtolea sadaka ya shukrani. Mtoto akishindwa, twasema, Basi huyu mpelekeni akajifunze ufundi. Maneno hayo ni mafupi, lakini yanaumiza watu watatu. Yanamwumiza kijana, maana anashika randa akidhani ni adhabu. Yanamwumiza mwalimu wa ufundi, maana anaambiwa kwamba kazi yake ni kupokea makapi. Tena yanaliumiza Kanisa, maana Bwana wetu mwenyewe alijulikana katika mji wake kuwa seremala. Na Mtume Paulo alishona hema Korintho pamoja na Akila na Prisila. Na katika kitabu cha Kutoka Bezaleli alijazwa roho ya Mungu, asiwe kuhani wala mfalme, bali awe fundi.

Wala si Kanisa peke yake lililofundishwa hivyo. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akaonya shule zisiwafundishe watoto kudharau kazi ya mikono. Mwaka 1994 sheria iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ambayo wote twaijua kwa jina la VETA. Na Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, imeweka elimu ya amali ndani ya sekondari, ipate kukaa meza moja na elimu nyingine. Mlango umefunguliwa. Lakini mlango haumwingizi mtu asiyetaka kuingia. Na mzazi ndiye anayemshika mtoto mkono.

Sisi wa Kondoa tuna sababu zaidi ya kujua hayo. Nchi yetu ilikatwa na makorongo, udongo ukachukuliwa na mvua, hata mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulipoanzishwa mwaka 1973, na mifugo ikaondolewa mwaka 1979 katika sehemu zilizoharibika sana. Vilima vilivyopata majani tena havikuponywa kwa maneno. Viliponywa kwa watu waliojinyima, na kwa mikono iliyochimba matuta na kupanda miti, baada ya kufundishwa na mtu anayejua.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu, mepesi kuyasema.

Kwanza, kila mtaa uwataje walimu wake wa ufundi katika sala za Jumapili, kama unavyowataja makasisi na wauguzi: yeye anayefundisha useremala, na uashi, na mama anayefundisha vijana wa kike kushona. Walio hai wasikie majina yao kabla hawajafa.

Pili, ninyi walimu, msifungie vyombo stoo. Msumeno uliofungiwa miaka mitano haujaharibika, wala haujamfundisha mtu. Afadhali ukatike meno mikononi mwa wanafunzi kumi. Tena msiwafiche vijana siri ya kazi kwa kuogopa watakuwa mafundi kuliko ninyi. Wakiwapita, ndiyo mshahara wenu.

Tatu, ninyi wazazi, mtoto asemapo apenda ufundi, msimwulize ameshindwa nini. Mwulizeni ataka kujenga nini.

Tukifanya hayo, jubilei hii haitakuwa ngoma ya siku moja. Mackay aliwaomba waliomtuma jambo moja tu: mmoja akianguka, mwingine atumwe mara moja. Nafasi hiyo ingali wazi katika mitaa yetu. Yatakiwa mtu mwenye kujua kazi, mwenye kupenda vijana, asiyeona haya kuchafuka mikono. Na aliyemo humu leo, anayesikia moyoni mwake kwamba ni yeye, asingoje barua ya Stanley. Na amwendee kasisi wake, aseme, Mimi nipo.

Mungu aliyempa kila mtu karama yake azibariki kazi za mikono yetu. Amina.